Krismasi ya Misheni: Sikukuu Iliyobebwa na Walimu

Siku ya Krismasi ya mwaka 1873, jiwe la msingi la kanisa kuu la Anglikana liliwekwa Mkunazini, Unguja, mahali ambapo miezi michache tu nyuma watu walikuwa wakipigwa mnada. Mkataba wa kufunga soko la watumwa Sultani Barghash aliutia saini mwezi Juni mwaka huohuo, kwa shinikizo la Waingereza. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindu. Krismasi ya 1877 ibada ya kwanza iliendeshwa humo, jengo likiwa bado halijakamilika, na baadaye saa ya mnarani ikatolewa na Barghash mwenyewe, mtawala Mwislamu.

Naanzia hapo kwa sababu mara nyingi historia ya Krismasi katika misheni zetu husimuliwa kama kisa cha wazungu waliokumbuka kwao: baridi, mishumaa, barua kutoka nyumbani. Hayo yalikuwepo. Lakini ukiwafuata watu wenyewe mwaka kwa mwaka, kutoka Unguja hadi Masasi na kutoka Bagamoyo hadi Kilimanjaro, utakuta kwamba walioibeba sikukuu hii wengi wao ni watu ambao majina yao hayakuwahi kuchapishwa: walimu wa shule za vichaka, wainjilisti, makatekista, na watumwa waliokombolewa.

Kutoka Magomero hadi Masasi, 1861–1882

Misheni iliyojenga Mkunazini, UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati), ilianzishwa baada ya wito ambao David Livingstone aliutoa Cambridge mwaka 1857. Krismasi yake ya kwanza bara iliwakuta Magomero, nyanda za juu za Shire, katika Malawi ya leo, mwaka 1861. Haikupita miezi miwili kiongozi wao, Askofu Mackenzie, akafa kwa homa. Mrithi wake, Tozer, akaihamishia misheni Unguja mwaka 1864, na huko ikapata watu wake wa kwanza: watoto waliotolewa majahazini, wasiojua wazazi wao wako wapi. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kupewa ushemasi mwaka 1879.

Tuwafikirie watoto hao. Misheni iliwakusanya katika shule ya Kiungani na shamba la Mbweni, wakitoka makabila mbalimbali na wakiunganishwa na Kiswahili. Hawakuwa na kaburi la babu la kuzuru wala mji wa ukoo wa kurudi. Krismasi ndiyo ikawa siku ya ukoo wao. Nguo mpya, chakula cha pamoja na nyimbo walizojifunza kwa pamoja viliwapa kile ambacho mtoto wa kijijini hukipata kwa kuzaliwa tu.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mtaalamu wa Kiswahili aliyekuwa akitafsiri Biblia, aliongoza kundi la watu walioachwa huru kutoka Unguja kuelekea bara, kwa nia ya kuwarudisha karibu na nchi zao pande za Ziwa Nyasa. Hawakufika huko. Walipoona maji na ardhi nzuri Masasi, walikaa. Krismasi yao ya kwanza huko ilifika wakiwa na majuma machache tu tangu wasimamishe vibanda.

Na hapa hali ya nchi iliingilia kati. Kusini, Desemba ni mwezi wa jembe. Mvua zimeanza, kila mtu yuko shambani, na ghala la mwaka uliopita linakaribia kwisha. Sikukuu iliyozaliwa katika majira ya baridi ya Ulaya, mavuno yakiwa yamekwishawekwa ndani, iliangukia miezi ya upungufu. Ndiyo maana katika misheni za kusini nyama, chumvi na kipande cha kitambaa cha Krismasi vilikuwa na uzito kuliko alivyodhani yule aliyevipakia sandukuni Uingereza. Vilikuwa msaada wa kweli. Vilijenga pia mazoea ambayo sikubaliani nayo: mtoto kujifunza kwamba zawadi hutoka kwa mzungu, ilhali mama yake aliyelima tangu alfajiri hakutajwa.

Usalama wenyewe ulikuwa haba. Septemba 1882 Wangoni, waliojulikana huko kama Magwangwara, waliishambulia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Watu waliokwisha kuuzwa mara moja waliona ndugu zao wakichukuliwa tena. Baadhi ya kazi ya misheni ilihamia Newala, na Krismasi ya mwaka huo iliwakuta wamepungua.

Chitangali, 1886–1905

Wakati huo ndipo alipotokea Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alipewa ushemasi na kutumwa Chitangali, karibu na Masasi, kwa mkuu wa Wayao aliyeitwa Nakaam. Akiwa shemasi, hakuwa na mamlaka ya kuadhimisha ekaristi. Mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufika daraja hilo, na tangu hapo Krismasi ya Chitangali haikulazimika kumsubiri mtu. Ibada, mafundisho, ubatizo na kugawa komunyo vilifanywa na mtu aliyezungumza na watu kwa Kiyao chao na aliyejua kwa mwili wake maana ya kufungwa na kufunguliwa. Alikaa huko hadi 1897. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hatua kubwa ya kwanza katika historia hii, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vya shule vinaipita.

Kisha ikaja 1905. Vita vya Majimaji vilipolipuka Julai, misheni ya Wabenediktini ya Nyangao iliteketezwa, Askofu Cassian Spiss na wenzake wakauawa njiani, na Peramiho nayo ikachomwa. Wamisionari wa Masasi walikimbilia pwani. Majeshi ya Kijerumani yalijibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na ghala. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata. Desemba ya mwaka huo, mwezi ambao hata katika mwaka wa amani ghala huwa limepungua, haikuwa na cha kuchinja katika sehemu kubwa ya kusini. Ni lazima tuikumbuke Krismasi hiyo pia tunapozungumza juu ya nyingine zenye furaha.

Mlimani, 1890–1914

Kaskazini mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu 1868, walipanda Kilimanjaro hadi Kilema mwaka 1890 na Kibosho mwaka 1893. Waanglikana wa CMS walikuwa wametangulia Moshi mwaka 1885, lakini vita kati ya Meli, mangi (yaani mtawala wa Kichaga) wa Moshi, na Wajerumani mwaka 1892 viliwasukuma hadi Taveta. Mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig walifika Machame, wakakaribishwa na Mangi Ngamini, kisha wakaenda Mamba mwaka 1894 na Moshi ya Kale mwaka 1896.

Hawa ndio walioleta sura ya Krismasi ambayo wengi mlimani bado wanaijua. Mti uliopambwa kwa mishumaa ulikuwa desturi ya Ujerumani kwa muda mrefu, na Kilimanjaro palikuwa na ubaridi wa jioni na miti ya milimani ya kutosha kuwaridhisha. Wakaleta pia tarumbeta. Vikundi vya wapuliza tarumbeta, kawaida ya sharika za Kilutheri Ujerumani, vilichukuliwa na vijana wa Kichaga kwa bidii kubwa, na hadi leo shughuli kubwa ya usharika mlimani, iwe sikukuu, harusi au maziko, bila tarumbeta huonekana pungufu. Kwa Wakatoliki uzito ulikuwa kwenye Misa ya usiku. Padri alikuwa mmoja na vigango vingi, kwa hiyo watu walitembea hadi misheni, wakalala huko kwa ndugu au chini ya miti, wakaungama, wakasali usiku, wakarudi makwao siku inayofuata. Kwa mtu wa kigangoni, Krismasi ilikuwa safari ya miguu kabla haijawa chakula.

Lakini tusiipambe kupita kiasi. Oktoba 1896 wamisionari wawili vijana wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, Meru. Jeshi la Kijerumani lililipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha, likaua watu na kuteka mifugo. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Moshi ya Kale pamoja na viongozi wengine, katika nchi ileile ambako kengele ya misheni ilikuwa ikilia kwa mwaka wa nne. Waliokwenda kanisani Desemba ya mwaka huo kusikia habari za amani duniani walipita katika mji ulionyongewa mangi wake. Wapo walioiona misheni kama kinga dhidi ya serikali, na wapo walioiona kuwa mkono wa serikali hiyohiyo. Wote walikuwa na sababu.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Moshi ya Kale kwa miaka mingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alikuwa na mtazamo tofauti na wengi wa wenzake. Aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vitu ambavyo Mungu mwenyewe ameviweka, na kanisa halina budi kujengwa juu yake. Alijifunza Kichaga kwa kina, akatafsiri Agano Jipya kwa Kimoshi, lililochapwa mwaka 1939. Kusini, Vincent Lucas, mmisionari wa UMCA wa Masasi, alijaribu jambo la aina hiyo kwa kuunda jando la Kikristo. Wote wawili wamekosolewa, na Gutmann hasa kwa kuwatakia Wachaga wabaki kama alivyowaona yeye. Hata hivyo kwa habari ya Krismasi, msimamo wake ulielekea kule ambako watu wenyewe walikuwa wakienda.

Krismasi bila mzungu, 1914–1925

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyopindua kila kitu. Katika eneo lililokuwa chini ya Wajerumani, wamisionari Waingereza wa UMCA walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Makasisi na walimu Waafrika waliobaki wakaendesha sharika, na baadhi yao nao walikamatwa, wakateswa kwa kushukiwa kuwa wapelelezi. Wanaume kwa maelfu walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Chakula kilinyang'anywa na pande zote mbili.

Mlimani zamu iligeuka. Waingereza waliiteka Moshi Machi 1916, na kufikia 1920 wamisionari wa Leipzig walikuwa wamefukuzwa nchini. Waliporudi katikati ya miaka ya 1920, walikuta makanisa yapo, watu wameongezeka, na shule hazijafa zote. Nani alikuwa amesoma Luka sura ya pili kila tarehe 24 Desemba katika miaka hiyo? Nani aliwafundisha watoto nyimbo na igizo la wachungaji? Walimu. Watu waliokuwa na elimu ya miaka michache, mshahara mdogo au wasipate kabisa, wenye kihamba (shamba la migomba la ukoo) cha kulima na watoto wa kulisha. Walutheri wa Kimarekani wa Augustana walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache mno kwa mlima mzima.

Hapa ndipo sikukuu ilipobadilisha mikono. Kabla ya vita, mmisionari ndiye aliyekuwa mwenyeji: mti ulisimama kwake, zawadi zilitoka kwake. Pasipo yeye, masanduku ya Ulaya hayakufika, na watu walisherehekea kwa vitu walivyokuwa navyo. Walikuwa na mbuzi, ndizi, ulezi, na desturi ya kukutana. Wenyeji wa sikukuu sasa walikuwa wao.

Mbuzi, mbege na kihamba

Mchaga wa zamani alikuwa na siku zake za kukusanya ukoo. Mnyama alichinjwa nyumbani, nyama ikagawanywa kwa vyeo, kila mmoja na sehemu yake kwa umri na nafasi yake katika ukoo, na wazee waliolala migombani wakakumbukwa. Mbege, pombe ya ndizi, ilipikwa na akina mama siku kadhaa kabla, ndizi mbivu zikichemshwa na kuachwa, kisha kuchanganywa na togwa ya ulezi. Wamisionari wengi waliitazama mbege kwa mashaka, na ibada za mababu waliziharamisha wazi.

Watu walifanya nini? Waliihamishia Krismasi ile hamu ya kukutana. Tarehe 25 wakatoka kanisani, wakaingia kihambani. Mbuzi akachinjwa, mgao ukafuata cheo, mtori na kisusio vikaliwa, kata ya mbege ikazunguka kutoka kwa mzee hadi kwa kijana. Makaburi yakasafishwa, na sala ikasaliwa hapo kwa jina la Kristo. Yale yaliyokuwa yakizozaniwa miaka ya kwanza ya misheni yakawa sehemu ya sikukuu, pasipo azimio la mkutano wowote. Nionavyo mimi, Krismasi imedumu mlimani kwa nguvu isiyo ya kawaida kwa sababu hii: iliingia katika nafasi ambayo tayari ilikuwa na kazi.

Sababu nyingine ni za kiuchumi na kiratiba, na zina uzito uleule. Kahawa, ambayo mapadri wa Kilema walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuipanda mlimani, huvunwa kuanzia katikati ya mwaka hadi karibu na mwisho wake, kwa hiyo Desemba ilikuta fedha mikononi. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kiliwapa wakulima wadogo sauti sokoni. Vuli imenyesha, majani yapo, mifugo ina afya. Shule za misheni zilifunga mwaka Desemba, na wanafunzi wa bweni wakarudi nyumbani. Ardhi ilipobana na vijana wakaenda Tanga, Nairobi na Dar es Salaam kutafuta kazi, likizo ilielekea mwezi uleule. Barabara na mabasi vikamaliza kazi. Watanzania wengine huwatania Wachaga kwamba Desemba wanakwenda kuhesabiwa, kama Yusufu na Mariamu walivyokwenda Bethlehemu. Utani huo una ukweli ndani yake: asiyeonekana kihambani huulizwa.

Uhuru, ngoma na uhaba, 1960–1985

Viongozi wakabadilika. Laurean Rugambwa alifanywa kadinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza katika nyakati zetu. Stefano Moshi, aliyetoka mlimani, aliongoza Walutheri wa kaskazini, na mwaka 1963 akawa mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Desemba 1961 nchi ilipata Uhuru, mwenge ukawashwa juu ya Kilimanjaro, na majuma mawili baadaye watu wa mabondeni wakaenda kwenye Krismasi yao ya kwanza wakiwa raia wa taifa lao.

Kwa Wakatoliki tarehe muhimu zaidi ni 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake ya kwanza, ile ya liturujia. Hadi hapo maneno ya Misa yalikuwa Kilatini, hata kama watu waliimba Kiswahili. Hati ile ilifungua mlango wa lugha na muziki wa wenyeji. Padri Stephen Mbunga, mwanamuziki kutoka kusini, tayari alikuwa ameandika kuhusu muziki wa Kibantu na sheria za Kanisa, na Misa yake ya Kiswahili ikaimbwa mbali. Katika miaka iliyofuata ngoma na kayamba viliingia kanisani. Bibi aliyekuwa akikatazwa ngoma kwenye uwanja wa misheni aliisikia sasa ikilia mbele ya altare usiku wa Noeli.

Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, ikaja dhiki. Vita vya Uganda, bei ya mafuta na kudorora kwa uchumi vilifanya sukari, unga wa ngano, sabuni na khanga kuwa bidhaa za foleni. Misheni nyingi za vijijini ziligawa kidogo zilichopata kutoka nje. Tofauti ya kaskazini na kusini ilionekana tena: penye ndizi na mbuzi sikukuu ilisimama, palipotegemea ngano na kitambaa cha dukani ilipungua.

Wanaobaki kazini

Kuna kundi moja ambalo limekuwa likitumikia Krismasi bila kuisherehekea kwa kukaa mezani. Hospitali za misheni, kama Machame, Kilema, Ndanda na Peramiho, hazifungi tarehe 25. Manesi na masista wa zamu huimba wodini wakipita kitanda hadi kitanda, mgonjwa hupata kipande cha nyama, na watoto wanaozaliwa usiku huo mara nyingi huitwa Noeli au Emanueli. Katekista wa kigango cha mbali, pasipo padri, huongoza ibada ya neno, hutangaza ndoa na ubatizo utakaokuja, na hurudi nyumbani jioni akiwa amechoka. Kazi yake inafanana sana na ya mwalimu wa 1920.

Sasa waliowaona walimu wale kwa macho wamebaki wachache mno, na walioanza ukatekista miaka ya Uhuru nao wana umri mkubwa. Sharika na parokia nyingi bado zina vitabu vya ubatizo vya zamani vyenye majina ya walimu, wadhamini na tarehe, navyo vinaliwa na mchwa na unyevu makabatini. Mwenye simu yenye kamera, akiwa na ruhusa ya mchungaji au paroko, anaweza kuvipiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa siku moja ya likizo. Na mwenye babu au bibi aliyewahi kufundisha shule ya misheni, amkalie karibu, amwulize waliimba nini, walikula nini na nani aliwaongoza, aandike majina. Kazi hiyo ifanyike mwaka huu, wenye kumbukumbu wangali hai.